Majina ya Kale katika Kiswahili: Umbo, Upatanisho na Ufundishaji

1. Utangulizi

Katika sura zilizotangulia tulizishughulikia nomino za kawaida pamoja na ngeli zake. Sura hii inahusu nomino za pekee, hasa majina ya watu na ya miji tuliyoyarithi kutoka katika Biblia, katika Kanisa la karne za kwanza, na katika maandishi ya Wayunani na Warumi. Mwanachuo anaweza kuuliza kwa nini majina yatengewe sura nzima katika kitabu cha sarufi. Jibu ni kwamba jina ndilo neno la kwanza ambalo mwalimu hulitamka anapoita mahudhurio, na kosa lililofanywa hapo huumiza kuliko kosa la kitenzi.

Tuchukue mfano wa shule ya msingi iliyo Port Bell. Port Bell ni bandari ya Kampala, katika eneo la Luzira, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kilomita zipatazo 10 kutoka katikati ya jiji. Meli za mizigo kutoka Mwanza na Kisumu hutia nanga hapo, kwa hiyo Kiswahili cha mabaharia na wapakiaji husikika gatini pamoja na Kiganda na Kiingereza. Katika daftari la mahudhurio la shule kama hiyo si ajabu kukuta Yokaana, Peetero, Ibulayimu, Yahya, Kizito na Victoria wakifuatana. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu mpya wa Kiswahili ataingia darasani humo akiwa na kitabu kinachotaja Yohana, Petro na Ibrahimu. Je, amwambie Yokaana kwamba jina lake limekosewa?

Tutaonyesha kwamba hapana. Umbo la jina la kale hutegemea njia ambayo jina hilo lilipitia na kanuni za sauti za lugha iliyolipokea. Upatanisho wa kisarufi, kwa upande wake, hutegemea mwenye jina, wala si umbo la jina. Mwalimu anayezielewa kauli hizo mbili ataweza kusahihisha insha bila kumbatiza mtoto upya.

2. Njia tatu za majina

*2.1 Njia ya Kiarabu.* Kabla ya Biblia kutafsiriwa, Waswahili wa pwani walikwisha kuwafahamu watu wengi wa kale kwa njia ya Uislamu na lugha ya Kiarabu. Kwa njia hiyo tulipata Adamu, Hawa, Nuhu, Ibrahimu, Yusufu, Musa, Haruni, Daudi, Sulemani na Ayubu. Watafsiri wa Biblia waliyakuta majina hayo yakiwa na mizizi imara midomoni mwa watu, wakayatumia. Ndiyo sababu msomaji wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 hakuti Noa wala Abrahamu, bali Nuhu na Ibrahimu.

Mfano ulio bora wa njia hii si wa mtume wala nabii, bali wa mfalme wa Makedonia ambaye Wayunani walimwita Alexandros. Waarabu waliposikia *al* mwanzoni mwa jina hilo, waliichukua kuwa ni kibainishi chao *al-*, wakaitenga na jina. Sauti *ks* zilizobaki zikabadilishana nafasi zikawa *sk*, na jina likawa Iskandar. Kiswahili kikapokea Iskanda au Iskandari, na mji alioujenga nchini Misri mwaka 331 KK ukaitwa Iskandaria. Mwanachuo atambue kwamba hapa hakuna makosa ya mtu yeyote: kila lugha ilisikiliza kwa masikio yake.

*2.2 Njia ya Kiyunani na Kilatini.* Majina ya Agano Jipya na ya Kanisa la kwanza, kwa sehemu kubwa, yaliingia kupitia tafsiri zilizofanywa tangu karne ya 19, Krapf akiwa Mombasa na Steere akiwa Zanzibar. Watafsiri walilitazama jina la Kiyunani, wakadondosha *s* ya mwishoni, wakaiacha irabu iliyoitangulia. Petros akawa Petro, Paulos akawa Paulo, Markos akawa Marko, Stefanos akawa Stefano. Lukas akawa Luka, Barnabas akawa Barnaba, Andreas akawa Andrea. Herodes akawa Herode. Majina yaliyoishia na *-aios* yalipewa kiyeyusho *y*: Mathayo, Bartholomayo, Thadayo.

Wakatoliki waliyapata baadhi ya majina hayo kwa matamshi ya Kilatini cha Kanisa. Kwa sababu hiyo wengine husema Pontio Pilato na wengine Ponsio Pilato. Wa kwanza wamelifuata andiko la Kiyunani. Wa pili wamefuata matamshi ambamo *t* ikifuatwa na *i* na irabu nyingine hugeuka. Tofauti iliyopo kati ya Yohana na Yohane, au Mariamu na Maria, ni ya aina hiyo hiyo.

*2.3 Njia ya Kiingereza.* Njia ya tatu ni ya shule na ya fasihi. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa mtawala wa Roma, toleo la mwaka 1969 lilipewa jina *Juliasi Kaizari*. Mtawala huyo ni wa ukoo ule ule uliowapa watawala wa Roma cheo ambacho Biblia hukiita Kaisari. Kaisari limekuja kwa njia ya Kiyunani, Kaizari limekuja kwa sauti za Ulaya ya kisasa. Vilevile akida wa Kirumi aliyemsafirisha Paulo huitwa Yulio katika Biblia, ilhali jina lake ni lile lile la Juliasi. Mwisho *-us* wa Kilatini umekuwa *-o* ulipopitia Kiyunani, na umekuwa *-asi* ulipopitia kinywa cha Mwingereza.

Kuna jambo jingine la kuzingatia hapa. Mtafsiri aliyeandika Juliasi alipomtaja Mrumi wa kale hakubadili jina lake mwenyewe. Alibatizwa Julius mwaka 1943, na Julius aliandikwa mpaka mwisho. Mhusika wa kitabuni alitoholewa; mtu aliye hai alibaki na jina lake. Tutalirudia jambo hili katika sehemu ya 6.

3. Kanuni za sauti

Ingawa njia ni tatu, majina yote yalipofika katika Kiswahili yalikabiliwa na masharti yale yale. Tuyataje manne.

(a) *Silabi huishia na irabu.* Jina linaloishia na konsonanti huongezewa irabu. Aghalabu irabu hiyo ni *u* baada ya sauti za midomo (*m, b, f*), na ni *i* baada ya konsonanti nyingine:

Adamu, Ibrahimu, Mariamu, Nahumu, Ayubu, Yusufu;
Danieli, Raheli, Simoni, Haruni, Daudi, Amosi, Habakuki.

Hata hivyo, mara nyingine irabu ya mwisho huiga ile iliyotangulia: Nuhu, Lutu, Ruthu. Mwanachuo asiichukulie kanuni hii kuwa ni sheria isiyo na mwanya. Aichukulie kuwa ni mwelekeo wenye nguvu.

(b) *Baadhi ya konsonanti pacha huvumiliwa.* Kiswahili hukubali *kr* katika Kristo, *st* katika Stefano, *br* katika Ibrahimu na *tr* katika Petro. Hizi ni silabi za mkopo, lakini zimekwisha kuzoeleka.

(c) *Sauti za mkopo huhifadhiwa.* Kwa kuwa Kiswahili kina *th* katika maneno kama *thamani* na *methali*, hakikuona shida kuiacha *th* katika Mathayo, Timotheo, Ruthu na Korintho. Vivyo hivyo *h* hubaki katika Yohana na Ibrahimu.

(d) *Mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho.* Tunatamka PE-tro, yo-HA-na, da-ni-E-li, i-bra-HI-mu. Mwanafunzi aliyezoea Daniel kwa Kiingereza, mkazo ukiwa mwanzoni, ataielewa kanuni ya mkazo wa Kiswahili kwa haraka akilisikia jina hilo katika lugha mbili.

4. Jina moja katika lugha mbili: Kiganda na Kiswahili

Mwalimu wa Port Bell ana bahati. Darasani mwake mna lugha nyingine ya Kibantu iliyoyapokea majina yale yale kwa masharti yake yenyewe. Tulinganishe:

Kiswahili: Mathayo, Marko, Luka, Yohana, Petro, Timotheo, Ibrahimu.
Kiganda: Matayo, Makko, Lukka, Yokaana, Peetero, Timoseewo, Ibulayimu.

Tofauti hizi si za kubahatisha. Kiganda hutofautisha irabu fupi na ndefu, ndiyo maana twaona *aa* katika Yokaana na *ee* katika Peetero. Kina konsonanti nzito, zinazoandikwa mara mbili, kama katika Makko na Lukka. Hakina *th*, kwa hiyo sauti hiyo ilipokewa kama *t* mahali pengine na kama *s* mahali pengine. Hakina *h* katika maneno yake ya asili, kwa hiyo nafasi yake ikashikwa na *k* katika Yokaana na *y* katika Ibulayimu. Tena Kiganda hakivumilii *br* wala *tr*: huingiza irabu katikati, tukapata *bul* na *ter*.

Kutokana na ulinganisho huu mwalimu anaweza kutabiri makosa ya tahajia kabla hayajatokea. Mwanafunzi atakayeandika *Yohaana* katika insha ya Kiswahili amechukua irabu ndefu ya Kiganda. Aelezwe kwamba katika Kiswahili *aa* ni silabi mbili, kama katika *kaa* na *saa*, hivyo *Yohaana* lingekuwa na silabi nne badala ya tatu. Atakayeandika *Lukka* aelezwe kwamba Kiswahili hakina konsonanti nzito ya namna hiyo. Maelezo haya yanafundisha fonolojia, wala hayamshushii mtu heshima ya lugha yake.

Umbo Ibulayimu lina historia ndani yake. Tukiondoa irabu iliyoingizwa na kurudisha *h*, tunabaki na Ibrahimu, umbo la Kiarabu na Kiswahili, wala hatubaki na Abraham wa Kiingereza. Yusufu, Musa, Dawudi na Sulemaani wa Biblia ya Kiganda, iliyotoka nzima mwaka 1896, wanaonyesha asili hiyo hiyo. Hili lisitushangaze. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walifika katika ikulu ya Buganda kabla ya wamisionari. Mwaka 1875, Stanley alipoondoka kwa Kabaka Muteesa I, alimwacha huko Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Waanglikana Zanzibar, ili amsomee Kabaka Maandiko. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya madaraja ambayo majina ya kale yalivukia kuingia Buganda. Kwa hiyo mwanafunzi aitwaye Ibulayimu, pengine bila kujua, amebeba neno lenye alama ya Kiswahili tangu siku alipopewa jina.

5. Upatanisho wa kisarufi

*5.1 Majina ya watu.* Jina la mtu huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, hata kama mwanzo wake unafanana na kiambishi cha ngeli nyingine. Kanuni hii ni rahisi kuitaja, lakini huhitaji mazoezi. Tuangalie majina matatu.

Kizito ni jina la Kiganda la kijana aliyeuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Katika Kiswahili *kizito* ni kivumishi kilichopatana na nomino ya KI-VI. Linganisha:

Kikapu kizito kimeanguka.
Kizito ameanguka.

Viktoria ni neno la Kilatini lenye maana ya ushindi. Silabi yake ya kwanza inafanana na kiambishi *vi-*:

Vikapu vimefika.
Viktoria amefika.

Maria lina *ma-* mwanzoni:

Maji yamefika.
Maria amefika.

Mwalimu akiiandika mifano hii ubaoni, wanafunzi watacheka, na kicheko hicho kitawasaidia kukumbuka. Lakini awe mwangalifu, ili wenzake wasilifanye jina la mtoto aitwaye Kizito kuwa dhihaka wakati wa mapumziko.

*5.2 Wingi.* Jina la mtu halipewi kiambishi cha wingi. Tukitaka kumtaja mtu pamoja na wenzake tunatumia *akina*:

Akina Petro walikuwa wavuvi.

Jina likigeuka kuwa cheo, hapo huwa nomino ya kawaida na huweza kupata *ma-* ya wingi. Upatanisho wake hubaki wa A-WA kwa kuwa anayetajwa ni mtu:

Mafarao walizikwa kwa fahari.
Makaisari walitawala kutoka Roma.

Tahajia nayo hufuata maana. Kaisari Augusto huandikwa kwa herufi kubwa kwa kuwa cheo ni sehemu ya jina. *Makaisari*, wakiwa watawala kwa ujumla, huandikwa kwa herufi ndogo.

*5.3 Cheo, asili na jina.* Cheo hutangulia jina bila kihusishi: Nabii Musa, Mfalme Daudi, Mtume Paulo, Mtakatifu Atanasi. Mahali pa asili huunganishwa kwa *-a* unganifu, kama vile Paulo wa Tarso, au huundwa kwa kiambishi cha mwenyeji, kama vile Simoni Mkirene. Kosa la *Mtume wa Paulo* hutokea mara kwa mara. Mwalimu alifafanue kwa kuuliza: je, Paulo ana mtume wake, au yeye mwenyewe ndiye mtume?

*5.4 Miji na vitu vyenye majina ya watu.* Port Bell yenyewe ni mfano mzuri wa somo hili. Bandari hiyo imepewa jina la Hesketh Bell, aliyefika Uganda mwaka 1906 akawa gavana wake wa kwanza. Desturi ya kuziita bandari na miji kwa majina ya watawala ni ya kale sana. Iskandaria ni mji wa Iskanda. Kaisaria ilijengwa na Herode kwa heshima ya Kaisari Augusto. Filipi ulipewa jina la Filipo wa Makedonia, baba yake Iskanda. Ziwa Viktoria lina jina la malkia wa Uingereza.

Jina likitoka kwa mtu likahamia mahali, upatanisho nao huhama:

Bell alifika Uganda mwaka 1906. (A-WA)
Port Bell imejengwa ukingoni mwa ziwa. (I-ZI)
Port Bell kuna gati. (mahali)
Viktoria alitawala Uingereza. (A-WA)
Ziwa Viktoria lina visiwa vingi. (LI-YA, kwa kufuata nomino *ziwa*)

Tutazame tena Filipo na Filipi. Irabu ya mwisho ndiyo inayotenganisha mtu na mji. Kwa hiyo wakazi wa mji ule ni Wafilipi. Ikumbukwe pia kwamba jina la mahali halipokei *-ni*: husemwa *alikwenda Roma* na *anafanya kazi Port Bell*, kama vile tusivyosema *Kampalani*.

*5.5 Wenyeji na lugha.* Kutokana na jina la mahali au la taifa tunaunda jina la mwenyeji kwa *m-/wa-* na la lugha kwa *ki-*: Mrumi, Warumi, Mkorintho, Wakorintho, Myunani, Wayunani, Kiyunani. Mzizi unapoanza na irabu, kiambishi *m-* huwa *mw-*: Mwefeso, Mwebrania, Mwashuri.

Lakini hapa pana tofauti na nomino za kawaida. Tunajua kwamba *wa-ingi* huwa *wengi*, na *ki-akula* huwa *chakula*. Katika majina ya mataifa irabu hazimezwi hivyo. Tunasema Waisraeli, hatusemi *Wesraeli*. Tunasema Kiebrania, hatusemi *Chebrania*. Lugha huulinda mzizi wa jina ili msikilizaji aweze kulitambua. Huu ni ushahidi wa kisarufi kwamba wasemaji wenyewe huliona jina kuwa neno la pekee, lisilostahili kuvunjwavunjwa.

Mwanachuo asichanganyikiwe anapokuta *Warumi* na *Roma* katika ukurasa mmoja. Rumi limepitia Kiarabu, Roma limefuata Kilatini. Hali kadhalika Yunani na Ugiriki: Yunani ni jina lililopitia Kiarabu na ndilo lililozoeleka katika habari za kale, ilhali Ugiriki ndilo jina la nchi ya leo.

6. Darasani: jina la kitabuni na jina la mtu

Sasa tuna nyenzo za kulijibu swali la utangulizi. Tunapendekeza mwalimu atenganishe aina mbili za majina.

Aina ya kwanza ni *majina ya wahusika wa kihistoria na wa maandishi*. Haya huandikwa kwa umbo lililozoeleka katika Kiswahili sanifu: Yohana, Mathayo, Ibrahimu. Mwanafunzi akiandika *Yokaana Mbatizaji* katika insha ya Kiswahili, asahihishwe, na aelezwe sababu. Palipo na maumbo mawili yanayokubalika, mwalimu afuate lile la matini inayosomwa, na atake umbo hilo litumike kutoka mwanzo wa insha hadi mwisho. Yohana na Yohane yote ni Kiswahili. Yahya na Yohana ni majina ya nabii mmoja katika mapokeo mawili, kama walivyo Yunusi na Yona, Ismaili na Ishmaeli, Isa na Yesu. Mwalimu hana mamlaka ya kulifanya pokeo moja kuwa sarufi na la pili kuwa kosa.

Aina ya pili ni *majina ya watu walio hai*. Haya hayasahihishwi. Yokaana akijitambulisha kwa Kiswahili atasema *Jina langu ni Yokaana*, na sentensi hiyo haina kosa lolote la kisarufi. Kiswahili kitamhudumia kwa upatanisho: *Yokaana amefika, daftari la Yokaana limepotea, akina Yokaana wanacheza*. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Vilevile Victoria akiliandika jina lake kwa *c*, kama lilivyo katika cheti chake cha kuzaliwa, aachwe aliandike hivyo, hata kama sisi tunaandika Ziwa Viktoria kwa *k*.

Historia ya Uganda yenyewe inatoa mfano. Wafiadini 22 waliotangazwa watakatifu Roma tarehe 18 Oktoba 1964 hutajwa kwa Kiswahili kwa majina kama Atanasi Bazzekuketta, Ambrosi Kibuuka, Dionisi Ssebuggwawo, Ponsiano Ngondwe na Akile Kiwanuka. Jina la kwanza la kila mmoja limetoka mbali. Atanasi kwa Kiyunani ni asiyekufa. Ambrosi lina maana iliyo karibu na hiyo. Dionisi limetokana na mungu wa mvinyo wa Wayunani. Ponsiano ni jina la papa wa karne ya 3. Akile ni jina la shujaa wa utenzi wa Homer kabla halijawa jina la mfiadini wa Roma. Majina hayo yametoholewa katika Kiganda kwa namna moja na katika Kiswahili kwa namna nyingine. Lakini tutazame jina la pili: Ssebuggwawo limebaki na *ss* na *gg* zake, ingawa Kiswahili hakina sauti hizo. Waandishi waliliheshimu kwa kuwa ni jina la mtu na la ukoo.

Miongoni mwa wafiadini hao, wengine hukumbukwa kwa jina la Kiganda pekee. Kizito ni mmoja wao. Leo jina hilo hupewa watoto wanaobatizwa Kenya na Tanzania, pamoja na Petro na Paulo. Lilianza kuwa jina la kijana mmoja wa Buganda, likawa jina la wengi, nalo katika Kiswahili halikuhitaji kuongezwa irabu wala kupunguzwa herufi. Mwalimu akumbuke hilo kila anapokutana na jina asilolizoea: huenda jina ambalo leo linaonekana geni kitabuni ndilo ambalo kesho kitabu kitalifundisha.

7. Muhtasari

Tumeona kwamba majina ya kale yameingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, ya Kiyunani na Kilatini, na ya Kiingereza. Kwamba yote yamepita katika kanuni za silabi, irabu na mkazo. Kwamba upatanisho hufuata kinachotajwa, kiwe mtu, mji au ziwa. Na kwamba mzizi wa jina hulindwa na sarufi yenyewe. Mwisho tumetenganisha jina la maandishi, ambalo mwalimu hulisahihisha, na jina la mwanafunzi, ambalo mwalimu hujifunza kulitamka.

Zoezi

1. Eleza kwa nini Yusufu limeongezewa *u* na Danieli limeongezewa *i*. Taja majina mengine mawili ya kila aina.

2. Pigia mstari silabi yenye mkazo: Timotheo, Mariamu, Habakuki, Iskandaria.

3. Sahihisha, kisha toa sababu: (a) Kizito kimechelewa shuleni. (b) Mtume wa Petro alihubiri. (c) Paulo aliandika waraka kwa Wafilipo. (d) Baba anafanya kazi Port Bellni.

4. Tunga sentensi mbili mbili kwa kutumia Viktoria kama jina la mtu na kama jina la ziwa. Taja ngeli iliyotawala upatanisho katika kila sentensi.

5. Linganisha Kaisari na Kaizari, kisha Yulio na Juliasi. Kila umbo limepitia njia gani?

6. Katika darasa lako la mazoezi, orodhesha majina 10 ya wanafunzi kama wanavyoyatamka wao wenyewe. Chagua matatu yenye asili ya kale, ueleze njia yaliyopitia na mabadiliko ya sauti yaliyotokea. Kabla ya kuwasilisha kazi yako, msomee kila mwenye jina ulichoandika, umwulize kama umelitamka sawasawa.